Paking elfu kumi kwa siku, kiingilio elfu sabini: tugome, tulipe au tufanye ya kwetu?

"Shikamoo kaka. Mimi ni mweka hazina wa klabu yetu ndogo ya pikipiki hapa Dodoma, tuko 14, wengi tuna cc150 mpaka 250, wawili tu ndio wana mapikipiki makubwa. Mwaka jana tulienda tamasha la pikipiki Iringa, kiingilio 50,000 kila mtu. Kufika getini tunaambiwa paking 5,000 kwa siku kila pikipiki, haikuwa kwenye tangazo. Tukalipa. Usiku pikipiki ya mwenzetu ikaanguka, saiti mira ikavunjika na mkono wa klachi ukapinda, wale wa paking wakasema haiwahusu, someni bango. Mwaka huu kiingilio kimekuwa 70,000 na paking 10,000 kwa siku. Watano wameshasema hawaendi, wanasema ni wizi na sisi viongozi tunawauza. Hii paking ni halali kweli? Hela inaenda wapi? Na tufanye nini, tugome, tulipe, au tuandae ya kwetu?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni hao watano. Nimekuwa mweka hazina wa klabu kwa miaka mingi, nimekaa kwenye kamati za maandalizi pia, kazi yangu ya kila siku ni uhasibu, na nimeona klabu ikifa kwa njia hii hii, wenye pikipiki ndogo wanajitoa mmoja mmoja kimya kimya mpaka wanabaki watu wanne wenye mapikipiki makubwa wanapigiana simu wenyewe. Kwa hiyo swali lako nalichukulia uzito wake, na nitakujibu kwa mapana maana ukienda mbele ya wanachama na jibu la nusu watakumaliza.

Tuanze na halali au sio halali. Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna kuegesha barabarani, yaani kwenye barabara ya umma, na kuna kuegesha ndani ya eneo la mtu. Barabarani hakuna mwenye haki ya kukuchangisha isipokuwa mamlaka. Mijini ushuru wa maegesho ya barabarani unasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na malipo yake yanaenda kwa kontro namba, kwa hiyo kijana aliyevaa rifleketa akikusimamisha pembeni ya barabara nje ya uwanja akataka buku tano mkononi bila kontro namba, huyo mkatalie kabisa, kwa heshima lakini mkatalie. Ndani ya uwanja wa watu hadithi ni nyingine. Mwenye uwanja ana haki ya kutoza paking kama gesti inavyotoza chumba, na kiwango anapanga yeye. Kwa hiyo kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba mlilipia ndani ya geti, kutoza kwenyewe sio kosa.

Kosa liko kwenye kuwaficha. Mtu umetoka Dodoma asubuhi, umepita Mtera, umepanda kona za Nyang'oro, kilometa kama 260 ziko mgongoni, jua limekuchoma, ndipo unaambiwa kuna hela nyingine. Hapo huna uwezo wa kukataa, utarudi wapi? Bei ambayo haikutajwa mpaka mtu ameshafika ni bei ya kumbana mtu, na mwandaaji yeyote anayejiheshimu anaijua hiyo. Nawalaumu waandaaji hapo bila kumung'unya. Mwaka huu angalau wameitangaza mapema, na hiyo inawapa nyinyi nafasi ambayo mwaka jana hamkuwa nayo, ya kuongea kabla ya kuwasha pikipiki.

Sasa hela inaenda wapi. Wanachama wako wanaamini inaingia mfukoni kwa mwenyekiti wa maandalizi. Inawezekana, wapo wa hivyo, siwezi kukudanganya. Lakini njia ya kawaida ambayo mimi mwenyewe nimekaa nayo mezani ni hii. Kamati inaenda kwa mwenye uwanja, anataja bei, kamati inalia haiwezi, basi mwenye uwanja anasema sawa nawapunguzia uwanja ila paking ni yangu. Kamati inashangilia imeokoa hela, kumbe mzigo umehamishwa tu kwenda kwa mwendeshaji. Mwenye uwanja naye mara nyingi haisimamii mwenyewe hiyo paking, anampa mtu kwa mkupuo, yule mtu ameshalipa hela yake mbele kwa hiyo anakimbizana kuirudisha kwa siku mbili tatu. Ndio maana getini hana huruma, ndio maana ukimuuliza kuhusu kioo kilichovunjika anakuangalia kama umemtukana. Mwenyekiti wa maandalizi unayemgombeza hata hiyo hela haijui.

Na kiingilio je, kwanini kinapanda kila mwaka? Hapa naomba uwaeleze wanachama taratibu kwa sababu watu wanadhani kila kichwa kikiongezeka gharama inaongezeka na kikipungua inapungua. Matamasha hayaendi hivyo. Uwanja, jukwaa, muziki na vibali vyake, jenereta, walinzi, gari la wagonjwa, vyoo, vyote hivyo bei yake ni ile ile waje watu 100 waje 300. Chukua mfano wa kufikirika tu, tuseme hivyo vitu jumla ni milioni 9. Wakija watu 180, kila mmoja anabeba elfu 50. Wakija 128, kila mmoja anabeba kama elfu 70. Umeona? Hakuna aliyeiba hata senti na kiingilio kimeruka elfu 20, kwa sababu watu 52 hawakuja. Halafu mwaka unaofuata wengine wanaona 70 ni nyingi, nao hawaji, waliobaki wanaongezewa tena. Mdhamini mmoja akijitoa ni hivyo hivyo. Hiki ndicho kinachoyaua matamasha mengi.

Simaanishi kwamba lazima mbebe shida za waandaaji. Naeleza ili ukikaa nao mjue mnaongelea nini. Muulize mwandaaji maswali mawili matatu ya kawaida: kiingilio kinajumuisha nini, paking ni ya nani, na pikipiki ikiharibika anayejibu ni nani. Aliye safi atakujibu ndani ya dakika tano kwenye simu. Anayekwepa, anayesema "nyinyi njooni tu mambo yatakuwa mazuri", huyo hata angefanya bure ningefikiria mara mbili.

Sasa nikupeleke kwenye hesabu, na hapa ndipo nataka ukae na kalamu. Nimemchukulia mwanachama wako wa cc150. Kwenda na kurudi ni kilometa 520, weka mizunguko ya mjini iwe 560. Pikipiki ya cc150 iliyofanyiwa sevisi vizuri inatembea kama kilometa 40 kwa lita, hiyo ni lita 14. Bei ya mafuta inabadilika, EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na ya Dodoma huwa juu kuliko ya Dar kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo nipige 3,000 kwa lita kurahisisha, inakuwa 42,000. Kiingilio 70,000. Paking siku mbili 20,000. Gesti usiku mbili kwa 30,000 ni 60,000. Kula siku tatu kwa 15,000 ni 45,000. Oili ya kubadilisha ukirudi, weka 15,000. Jumla 252,000. Mwaka jana kwa hesabu hiyo hiyo ilikuwa 222,000. Kwa hiyo kilichoongezeka ni 30,000, elfu 20 ya kiingilio na elfu 10 ya paking.

Paking nzima ni elfu 20 kati ya 252, haifiki hata shilingi nane katika kila mia. Najua inauma kuliko zote, mafuta ukijaza unayaona yanaingia kwenye tenki, chakula unakula, lakini paking unatoa hela na hupati kitu cha kushika. Inauma kihalali. Ila ukigoma kwa ajili yake umegomea sehemu ndogo ya safari.

Na angalia gesti. Wanachama wangapi mwaka jana walilala mmoja mmoja? Wakilala wawili chumba kimoja, 60,000 inakuwa 30,000. Elfu 30 imeokolewa, na ndiyo ile ile iliyopanda. Yaani mmerudi bei ya mwaka jana bila kugombana na mtu. Vyumba vya vitanda viwili vinaisha mapema wakati wa tamasha, kwa hiyo piga simu wiki tatu kabla, na ukipiga uliza swali moja zaidi: kuna uzio, pikipiki zinaingia ndani usiku? Nitarudi hapo.

Kwa wale wawili wenye makubwa hesabu ni nyingine na mara nyingi wenyewe hawaipigi. Pikipiki inayokwenda kilometa 18 kwa lita itakunywa lita 31 hivi, ni 93,000 ya mafuta peke yake. Tairi la nyuma kama kalinunua laki nne na linadumu kilometa 8,000, basi kila kilometa inakula shilingi 50 ya tairi, safari hii imekula 28,000 bila yeye kujua. Ataijua siku tairi limeisha. Usiruhusu hao wawili wawe ndio wanaopanga safari za klabu kwa kipimo cha mifuko yao, na usiruhusu pia wadogo wadhani wakubwa wanasafiri bure.

Jambo moja watu wanasahau. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo, ile tuliyokuwa tunaita roadi laisensi, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Na bajeti ya 2023 ikaongeza shilingi 100 kwa lita. Kwa hiyo mtu anayetembea mbali kwenda matamasha analipa zaidi kuliko anayezunguka mitaa ya hapa mjini tu kama Area C na Kisasa, kila akijaza. Usimwambie mwanachama "safari haijapanda, ni kiingilio tu". Imepanda pande zote na anaisikia.

Turudi kwenye ile pikipiki iliyoanguka, maana hapa kuna haki yenu na wengi hawaijui. Kwenye sheria kuna tofauti kati ya mtu kukukodishia nafasi ya kuweka chombo na mtu kukabidhiwa chombo akutunzie. Ukilipia nafasi tu, geti liko wazi, unaingia na kutoka mwenyewe, hakuna anayekuuliza, ni vigumu kumdai kitu kikiharibika. Lakini kama umepewa tiketi yenye namba, kuna mlinzi, hutoki bila kuirudisha tiketi, na zaidi kama umeacha ufunguo, hapo inaanza kuwa amana. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtaka aliyepokea mali ya mtu aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa busara angeitunza mali yake. Bango la "egesha kwa hasara yako mwenyewe" linampa utetezi, silidharau, lakini bango lililobandikwa ndani ambapo unalisoma ukiwa umeshalipa, na uzembe wa wazi, hivyo ni vitu vinavyoweza kubishaniwa. Sisemi mkimbilie mahakamani kwa ajili ya saiti mira. Nasema msikubali haraka hivyo jibu la "haituhusu".

Limenitokea mimi. Miaka kadhaa nyuma, mkoa mwingine, nimelipa paking nikapewa kikaratasi cha pinki chenye namba kwa kalamu ya mkono. Uwanja wa udongo laini. Jioni ikapita mvua ya rasharasha, hata haikunilowesha koti. Asubuhi nakuta pikipiki yangu imelala na nyingine tatu zimelaliana juu yake kama kuni. Stendi ya pembeni ya mmoja ilikuwa imezama kwenye udongo mpaka kwenye kiungo, pikipiki yake ikaanza kuanguka, ikaziangusha na za kwetu. Kijana wa paking akaniambia someni bango. Sikubishana naye. Nikamwonyesha picha niliyopiga jana yake, kikaratasi kikiwa juu ya siti, pikipiki nyuma, na yeye mwenyewe kwenye kona ya picha ananielekeza "weka hapo hapo mzee, bana bana". Yeye ndiye alizibananisha. Akaitwa mkubwa wake, tukaongea kama watu wazima, wakalipa nusu ya matengenezo. Nusu, sio yote. Bila ile picha nisingepata hata shilingi.

Kwa hiyo mwambie kila mwanachama, kabla hujaondoka paking piga picha tatu: pikipiki nzima na namba yake, tiketi, na mazingira pamoja na bango kama lipo. Tiketi omba iandikwe tarehe na namba ya chombo. Ukilipia kitu kwa mfanyabiashara una haki ya risiti ya EFD, iombe, hata akinuna. Na bebeni vipande vya ubao, saizi ya kiganja tu, uweke chini ya stendi. Vigae vya mabaki pia vinafaa lakini vinapasuka. Hapa kwetu udongo wa Dodoma kiangazi unakuwa unga, na lami ya saa nane mchana nayo inalainika stendi inazama vile vile, usidhani lami ni salama. Weka gia namba moja ili pikipiki isibiringike mbele stendi ikajikunja, na acha nafasi ya mkono mzima kati yako na jirani. Upepo wetu wa Julai na Agosti mnaujua. Kijana akikuambia bana, mwambie hapana, nimelipia nafasi.

Sasa uamuzi. Kugoma getini siwashauri hata kidogo. Mtafika mmechoka, mtazozana na mtu ambaye hana mamlaka ya kupunguza, mtaishia kulipa na siku imeharibika. Kama ni kugoma mgomee mkiwa bado Dodoma, kwa barua. Andikeni kistaarabu kwa waandaaji: sisi ni 14, tunalipa kwa pamoja kabla ya tarehe fulani kwa lipa namba yenu, tunaomba paking iingie kwenye kiingilio au ilipwe mara moja kwa tamasha zima badala ya kila siku, na tunaomba kwa maandishi nani anawajibika chombo kikiharibika. Mwandaaji anapenda hela ya mapema kuliko unavyofikiri, kwa sababu mwenye uwanja na mwenye jukwaa wanamdai mapema. Hela ya watu 14 mkononi wiki tatu kabla ina nguvu kuliko kelele za watu 14 getini. Sikuahidi watakubali yote. Nimeshaona wakikubali paking ya mara moja, na kwenu hiyo tu ni elfu 10 kila mtu.

Wakikataa, mna njia ya kuegesha nje. Hapa ndipo lile swali la gesti lenye uzio linapofanya kazi: pikipiki zilale gesti, tamashani mwende kwa bajaji mkichangia. Mkigawana watu watatu nauli haitafika elfu 10 kwa siku. Ubaya wake, na niwe mkweli, tamasha la pikipiki bila pikipiki yako pale ni kama kwenda harusini ukakaa nje ya turubai, hamtaingia kwenye msafara wa kuzunguka mji na hao vijana ndicho walichofuata. Basi siku ya msafara lipeni paking, siku nyingine hapana. Kule Marekani kuna mji mdogo unaitwa Sturgis, jimbo la South Dakota, tamasha lao lilianza 1938 na mpaka leo kila Agosti wanamiminika watu wengi mno kuliko wakazi wa mji wenyewe. Wenyeji wanakodisha nyua na viwanja vyao kwa mahema na pikipiki. Kwetu nayo inawezekana: mama mwenye uwanja wenye ukuta jirani na tamasha, mkampa elfu 40 kwa pikipiki zote 14 usiku mbili na mkampa mlinzi wake ya chai, atafurahi na nyinyi mtalala. Ila muende mmoja wenu mapema akaone geti na ukuta kwa macho, msikubaliane kwenye simu na mtu msiyemjua.

Kuna njia mbili za kubana matumizi ambazo najua zitapendekezwa kwenye kikao na naomba uzikatae. Ya kwanza ni kubebana wawili kwenye cc150 na mizigo mpaka Iringa. Mafuta yatagawanyika, kweli, lakini breki na tairi la nyuma havikutengenezwa kwa ajili ya kushuka kona za Nyang'oro na uzito huo. Ya pili ni kurudi usiku ili kuokoa gesti moja. Hiyo hapana, hapana kabisa. Ile barabara ina mifugo inayovuka, ina malori yaliyoharibika yasiyo na taa nyuma, wamewekewa matawi tu barabarani na wewe unayaona ukiwa mita kumi. Nimezika rafiki kwa safari ya namna hiyo, alikuwa anaokoa elfu 25. Kama hela ya gesti haipo, mtu huyo asiende mwaka huu, aende mwakani, na klabu imsaidie kufika mwakani.

Hapo ndipo kibubu kinapoingia. 252,000 ukigawa kwa miezi 12 ni 21,000 kwa mwezi. Ukiomba laki mbili na nusu kwa mkupuo mwezi wa tamasha, mwenye mshahara mdogo au anayetegemea biashara ya siku kwa siku atajitoa na atatafuta sababu ya heshima ya kujitoa, atasema ni wizi, atasema viongozi mnawauza. Wakati mwingine neno wizi maana yake "sina na naona aibu kusema". Kaa na hao watano mmoja mmoja, sio kwenye grupu la WhatsApp. Waulize. Anzisheni mchango wa mwezi kwenye akaunti yenye watia saini watatu, kila mtu na jina lake na kiasi chake, na mtu akishindwa safari hela yake inabaki yake. Toa taarifa kila mwezi hata kama ni mistari minne. Nakuambia kama mhasibu, ukitoa taarifa kila mwezi hiyo hadithi ya kuuzwa itaisha yenyewe.

Kuandaa ya kwenu? Tamasha kamili, mwaka huu, hapana. Hamjajipanga, na ile hesabu ya milioni 9 itawageukia nyinyi. Lakini safari ya siku moja ya klabu mnaweza hata mwezi ujao. Kondoa ni kama kilometa 160 kutoka mjini, lami tupu, mkisogea mbele kidogo mnafika Kolo kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, na nashangaa ni waendeshaji wangapi wa Dodoma hawajawahi kuiona. Mnatoka saa kumi na mbili asubuhi, mnakula mchana Kondoa, giza halijaingia mko nyumbani. Kwa cc150 mafuta ni kama lita 9 na nusu, hata 30,000 haifiki, mkiongeza chakula na kiingilio cha michoro bado hamjakaribia nusu ya safari ya Iringa, na hakuna gesti. Alikeni klabu nyingine ndogo. Mkifanya hivyo mara tatu nne mtajua kama mna watu wa kubeba tamasha. Siku mkifika hatua ya kuandaa tamasha hapa Dodoma, epukeni wiki za Bunge la bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni, na wiki ya Nanenane pale Nzuguni, gesti za mji huu zinajaa na bei inapaa, wageni wenu watawalaumu kama nyinyi mnavyolaumu sasa hivi. Kwa wageni wa Dar, tangu treni ya SGR ifike huku 2024 wenza wao wanaweza kuja kwa treni na wao wakaja na pikipiki, hilo nalo ni punguzo la mtu mmoja kukaa nyuma kilometa 450.

Kuna mambo ambayo jibu langu halitoshi na itabidi umwone mtu ana kwa ana. Pikipiki ikiibiwa au ikaharibika sana ukiwa umeilipia paking, siku hiyo hiyo nenda kituo cha polisi kilicho karibu uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, usisubiri kurudi Dodoma, na toa taarifa kwa bima yako mapema. Kumbuka bima ndogo inalipa watu wengine uliowaumiza, pikipiki yako ikianguka yenyewe bima hiyo haihusiki. Mkitaka kuingia mkataba na mwenye uwanja, hata wa karatasi moja, mpeni wakili ausome kabla ya saini. Na kama klabu itaanza kushika hela za watu kwa mwaka mzima, jisajilini, jumuiya zinasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na nyinyi bahati yenu wizara ziko hapo Mtumba, wenzenu wa mikoani wanafunga safari.

Huyo mwenzenu wa saiti mira, muulize kama ana tiketi ya siku ile na picha yoyote, hata ya kujipiga tu ambayo pikipiki inaonekana nyuma. Kama anayo, iambatanisheni kwenye barua kwa waandaaji, muombe walau nusu, ombeni kwa upole. Kama hana, chukueni kwenye mfuko wa klabu mumnunulie kioo na mkono wa klachi kabla ya safari yoyote, hata ya Kondoa. Mkono wa klachi uliopinda huwa unakatika ghafla, na ukikatika huko porini baada ya Migori, njia ya Iringa, ni kusukuma.